Ajwaini, Thaimoli na Minyoo wa Safura: Kiungo cha Jikoni Kilichowahi Kuwa Dawa ya Hospitali

   Keti, mtoto akiwa mgongoni au akinyonya, tuzungumze.

Mmezoea kunisikia nikizungumza juu ya chanjo, kunyonyesha, na maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha. Leo nitawapa historia. Ni historia ya mbegu ndogo ambayo huenda iko jikoni mwako sasa hivi, na ya mnyoo mdogo ambaye huenda yuko tumboni mwa mtoto wako. Wawili hao waliwahi kupigana vita vikubwa katika nchi za mbali, na madaktari waliandika jinsi vita vilivyokwenda.

Nianze na kisa changu mwenyewe. Miaka michache iliyopita, mama mmoja alikuja kliniki akiwa na kijana wake wa miaka minne. Mtoto alikuwa mchovu, hataki kucheza, uso umevimba kidogo. Nilimfungua kiganja, kilikuwa cheupe kama karatasi. Nikamvuta ukope wa chini, nao mweupe. Tulipompima damu, kipimo kilisoma 5.1, na mtoto wa umri ule anatakiwa kuwa na 11 au zaidi. Choo chake kilipowekwa chini ya maikroskopu, kilijaa mayai ya minyoo wa safura.

Nikamuuliza mama amempa dawa gani. Akasema kwa wiki tatu amekuwa akimchemshia mbegu za ajwaini kwenye maziwa, kijiko kimoja cha chai kila asubuhi. Siku ya tano mtoto alitoa mnyoo mmoja mrefu, naye akaamini dawa inafanya kazi, kwa hiyo akaendelea.

Nilimkaripia. Nasema hivi kwa aibu, lakini nilimkaripia mbele ya akina mama wengine. Akanyamaza kidogo, halafu akasema kwa upole, "Sista, dawa hii nilifundishwa na mama mkwe wangu. Alikuwa yaya kwa familia ya Kihindi kule Mombasa, na amelea watoto saba. Yeye si mjinga."

Sikuwa na jibu. Mtoto alipelekwa hospitali kubwa, akaongezwa damu ya mjomba wake, akapewa dawa ya minyoo na ya madini ya chuma, akapona. Lakini yale maneno yalinifuata nyumbani. Nikaanza kusoma. Na katika kusoma nikagundua kwamba mama mkwe yule hakuwa mjinga hata kidogo. Alikuwa ameshika kipande kimoja cha jambo la kweli. Vipande vilivyobaki ndivyo ninavyotaka tuviangalie leo.

Kwanza tumjue adui. Wapwani wana jina la zamani la ugonjwa huu, safura, neno lenye asili ya Kiarabu linalohusu nyongo na rangi ya manjano. Wazee walikuwa wanamwona mtu amepauka, amevimba miguu na uso, hana nguvu ya kuinua jembe, wakasema ana safura. Walikuwa wameona sawasawa. Kitu ambacho hawakuweza kukiona ni chanzo chake, kwa sababu kimejificha ndani ya utumbo na kina urefu wa sentimita moja hivi.

Mnyoo huyu hujishikiza kwenye ukuta wa utumbo mdogo kwa mdomo wake na kunywa damu. Mmoja peke yake hanywi nyingi, ni sehemu ndogo tu ya tone au matone machache kwa siku, kutegemea aina yake. Lakini wakiwa mia mbili au mia tano, kwa mwezi, kwa mwaka, hesabu inakuwa nyingine. Jike hutaga maelfu ya mayai kila siku. Mayai hutoka na choo, na yakianguka kwenye udongo wenye unyevu na kivuli, baada ya siku tano hadi kumi hivi yamekuwa vijidudu vinavyongoja mguu. Havihitaji kumezwa. Hupenya ngozi.

Sasa turudi kwenye mbegu. Ajwaini inafanana na bizari nyembamba, ila ni ndogo zaidi, na ukiisugua kwa vidole harufu yake ni kali, inapanda puani. Jamii za Kihindi huitia kwenye bhajia na mikate, na humpa mtu aliyevimbiwa na gesi. Kile kitu kinachonukia ndani yake kinaitwa thaimoli. Jina limetokana na thaimu, jani la kupikia, kwa kuwa lina kitu hicho hicho. Mkemia wa Kijerumani, Caspar Neumann, alikitoa kwenye mafuta ya thaimu mwaka 1719. Ni kama fuwele nyeupe za sukari, lakini usidanganyike ukafikiri ni tamu. Inachoma ulimi. Hadi leo baadhi ya dawa za kusukutua mdomo huwa nayo, na ukizinusa utaitambua.

Kwa zaidi ya miaka mia moja hakuna aliyeunganisha thaimoli na safura, kwa sababu huyo mnyoo wa safura mwenyewe alikuwa hajulikani. Mwaka 1838, daktari wa Italia aitwaye Angelo Dubini alipasua maiti ya mwanamke mkulima katika hospitali ya Milano, akaona mnyoo asiyemfahamu ndani ya utumbo. Alichapisha habari zake mwaka 1843. Madaktari wengi hawakumjali. Mnyoo mdogo hivyo atafanya nini?

Jibu lilitoka ndani ya mlima. Mwaka 1872 Uswisi ilianza kuchimba njia ya reli chini ya mlima wa Gotthard, kilomita 15 kutoka upande mmoja hadi mwingine. Wachimbaji wengi walikuwa Waitalia maskini. Ndani mlikuwa na joto kali na maji, na vyoo havikuwapo, kwa hiyo watu walijisaidia pale pale walipofanyia kazi na kukanyaga pale pale. Baada ya muda wanaume wenye misuli walianza kupauka na kuishiwa nguvu, wengine wakafa. Ilisemekana ni hewa mbaya ya chini ya ardhi. Mwaka 1880 mtaalamu wa mji wa Torino, Edoardo Perroncito, alichunguza wagonjwa hao na akakuta wamejaa minyoo ya Dubini. Ulaya yenye baridi, jamani, ilikuwa imejitengenezea joto la kwetu ndani ya mlima na kupata ugonjwa wa kwetu.

Ilitakiwa dawa. Daktari mwingine wa Torino, Camillo Bozzolo, ndiye aliyeleta thaimoli karibu na mwaka huo wa 1880. Aliwapa wagonjwa kwa kiasi kikubwa, na minyoo wakatoka. Hivyo ndivyo kitu cha jikoni kilivyoingia kwenye kabati la hospitali, na kikakaa humo kwa zaidi ya miaka thelathini kikiwa dawa kuu ya safura duniani.

Njia ya kuingia mwilini iligunduliwa kwa bahati mbaya. Mtafiti Mjerumani aliyefanya kazi Cairo, Arthur Looss, alikuwa akiwafuga vijidudu hawa kwenye maji. Siku moja matone yalimwagikia mkononi mwake. Ngozi ikawasha na kuwa nyekundu. Baada ya wiki kadhaa alipima choo chake mwenyewe akakuta mayai. Alipotangaza mwaka 1898 kwamba mnyoo hupita kwenye ngozi, wenzake walimcheka. Mama, ukiona mtoto wako anajikuna katikati ya vidole vya miguu baada ya kucheza shambani wakati wa mvua, mkumbuke Looss.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Puerto Rico, kisiwa cha wakulima wa kahawa. Mwaka 1899, mwezi wa Agosti, kimbunga kikali kiliharibu mashamba na nyumba. Maelfu ya wakulima walishuka kutoka milimani, wamepauka, wamevimba, wanapumua kwa shida. Daktari kijana wa jeshi la Marekani, Bailey Ashford, alipewa kazi ya kuwahudumia. Kila mtu alijua shida yao ni njaa. Basi Ashford akawapa chakula kizuri, akawapa nyama na dawa za kuongeza damu. Hawakupona. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo halikuwa limefikiriwa: mwezi wa Novemba alichukua choo cha mgonjwa akakiweka chini ya maikroskopu. Mayai yalikuwa pale. Akatoa thaimoli, na minyoo wakaanguka kwa mamia.

Fikiri jinsi wale watu walivyoishi. Waliokota kahawa pekupeku chini ya miti ya kivuli, kwenye udongo wenye majimaji, na choo cha mtu kilikuwa nyuma ya mti ulio karibu. Nikisoma habari hizo nawaona watu ninaowafahamu. Kuanzia mwaka 1904 serikali ya kisiwa iliweka tume ya kupambana na ugonjwa huo, na katika miaka michache watu wapatao 300,000 walitibiwa, karibu theluthi ya watu wote wa kisiwa.

Habari zikafika Marekani bara. Kule majimbo ya kusini, weusi kwa weupe, maskini wengi walikuwa wakiitwa wavivu. Watoto wao walisinzia darasani, na wengine walikula udongo. Hapo simnyoshei mtu kidole, maana odowa tunauziana sokoni sisi wenyewe, na mama mjamzito akiwa na hamu ya odowa mimi huanza kwa kumpima damu. Mwaka 1902 Charles Stiles alionyesha kwamba wengi wa wanaoitwa wavivu walikuwa na minyoo wa safura. Magazeti yakaandika kwa dhihaka kwamba mdudu wa uvivu amepatikana. Watu wa kusini walikasirika, na mimi ningekasirika pia.

Mwaka 1909 tajiri wa mafuta, John D. Rockefeller, alitoa dola milioni moja kwa kazi hiyo. Tume iliyoundwa ilifanya kazi katika majimbo 11 hadi mwaka 1914. Kati ya watoto wa umri wa shule waliopimwa, karibu 40 kwa kila 100 walikuwa na mnyoo huyu. Zaidi ya watu 400,000 walipewa dawa. Zahanati za muda zilifunguliwa siku maalum, hema likiwekwa au jengo la umma likitumika, na familia zilikuja na mikokoteni na chakula chao kama wanakwenda harusini. Waliitwa mmoja mmoja kutazama mayai kwenye maikroskopu. Naona hapo palikuwa na hekima, kwa sababu mtu akijionea kwa macho yake hahitaji kukaripiwa.

Sasa sikiliza kwa makini dawa ilivyotolewa, kwa sababu hapa ndipo penye jibu la mama mkwe. Jioni mgonjwa hakula, au alikula kidogo sana, kisha akanywa chumvi ya haluli kusafisha utumbo. Asubuhi saa kumi na mbili alimeza nusu ya thaimoli ikiwa kwenye vidonge. Saa mbili akameza nusu iliyobaki. Saa nne akanywa tena chumvi ya haluli ili minyoo na dawa vitoke pamoja. Mtu mzima alipewa hadi gramu 4. Watoto walipimiwa kwa umri, na wadogo kabisa walipewa kama nusu gramu.

Nilichukua kalamu nikapiga hesabu, nawe unaweza kupiga nami. Mbegu za ajwaini zina mafuta yanayonukia kiasi cha gramu 2 hadi 4 katika kila gramu 100. Karibu nusu ya mafuta hayo ndiyo thaimoli. Tuchukue katikati, yaani mafuta gramu 3, na thaimoli gramu moja na nusu. Kijiko cha chai kimoja cha mbegu kina uzito wa gramu 2 hivi. Ndani yake mna thaimoli gramu 0.03 tu. Ili kupata dozi ya mtu mzima wa Puerto Rico ungehitaji zaidi ya robo kilo ya mbegu, uzimeze zote asubuhi moja. Kwa mtoto mdogo ungehitaji vijiko kama 17. Hakuna mtoto atakayevimeza vikakaa tumboni.

Na hata hicho kijiko kimoja, sehemu kubwa ya harufu yake hupotea na mvuke unapochemsha. Ndiyo maana jikoni kunanukia vizuri.

Kuna jambo jingine. Wagonjwa wa wakati ule walikatazwa vikali kula mafuta, siagi au kunywa pombe siku ya dawa. Hata mafuta ya nyonyo, ambayo ndiyo yaliyokuwa dawa ya kawaida ya kuendesha, yalikatazwa, ikatumiwa chumvi ya haluli. Sababu ni kwamba thaimoli haiyeyuki vizuri kwenye maji, lakini huyeyuka kwenye mafuta na pombe. Ikiyeyuka hupita ukuta wa tumbo na kuingia kwenye damu. Hapo minyoo hubaki salama wakimtazama mwenye nyumba akipata sumu. Mgonjwa alipata kizunguzungu, moyo ukapiga polepole, mwili ukawa baridi, na wapo waliokufa. Watu dhaifu, wenye damu kidogo sana, ndio waliokuwa hatarini zaidi, na hao ndio waliohitaji dawa kuliko wote. Kijiko cha mbegu kwenye maziwa hakina thaimoli ya kutosha kumdhuru mtoto namna hiyo, wala kumtoa minyoo wa safura. Ila siku hizi madukani kuna vichupa vidogo vya mafuta makali ya thaimu na ya viungo vingine, na muuzaji husema ni ya asili kwa hiyo hayana madhara. Mafuta yale ni viungo vilivyokamuliwa kutoka kwa mbegu au majani mengi sana. Nusu kijiko chake si sawa na nusu kijiko cha mbegu. Usimpe mtoto anywe, hata ukiambiwa umchanganyie na asali.

Je, yule mnyoo mrefu aliyetoka siku ya tano? Huyo alikuwa chango, aina nyingine kabisa, mwenye urefu kama wa penseli au kuzidi. Chango hutoka wenyewe wakati mwingine, mtoto akipata homa au bila sababu ya kuonekana. Mama alimwona mmoja akafurahi. Minyoo wa safura waliobaki ni wadogo, na hutawaona kwenye choo bila maikroskopu. Ukitoa dawa kwa kuangalia choo kwa macho, umepotea njia.

Tumalizie historia ya thaimoli. Mbegu nyingi zilizotumika zilitoka India, zikasafirishwa hadi Ujerumani, na viwanda vya huko vikatoa thaimoli na kuuza ulimwenguni. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwaka 1914, njia hiyo ilikatika. Bei ikapanda, dawa ikaadimika. Madaktari wakageukia mafuta ya mmea mwingine, kenopodia, ambao watu wa Meksiko huutumia jani lake kwenye maharagwe. Wakiwa Sumatra, madaktari wawili, Schüffner na Vervoort, walikuwa wameyasifu mwaka 1913. Yalifanya kazi, lakini nayo yaliua watoto walipozidishiwa. Mwaka 1921 Maurice Hall wa Marekani, baada ya kujaribu kwa mbwa na kuimeza mwenyewe, alileta kemikali ya kuondolea madoa kwenye nguo, kaboni tetrakloridi. Ilikuwa rahisi na kali kwa minyoo, na iliharibu ini la watu.

Unaona njia ilivyokuwa ndefu? Kila dawa ilikuwa sumu ambayo mnyoo alikufa mapema kidogo kuliko mgonjwa. Ilichukua hadi miaka ya 1970 kupata mebendazoli na albendazoli, dawa zinazomzuia mnyoo kutumia sukari mpaka anakufa njaa, huku zikiingia kidogo tu kwenye damu ya mtoto. Hazihitaji kufunga, hazihitaji haluli, hazihitaji kulala hospitali.

Wanasayansi hawajaacha viungo, na mimi nafurahi hawajaacha, kwa sababu minyoo wanaweza kuzizoea dawa tulizo nazo, kama ambavyo wa kondoo na mbuzi wamekwisha kuzizoea. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba thaimoli na ndugu yake, kavakroli, iliyo kwenye oregano, hushika sehemu fulani ya mishipa ya fahamu ya mnyoo mdogo wa maabara. Mwaka 2015 watafiti wa Serbia walionyesha kwamba kavakroli hulegeza misuli ya chango wa nguruwe. Brazil nako, mwaka 2009, minyoo wa kichocho walikufa kwenye chombo chenye kurkumini, kile kitu cha rangi kilicho ndani ya manjano.

Ukisikia habari kama hizo kwa jirani, jiulize swali moja: ilikuwa ndani ya chombo cha maabara au ndani ya mtoto? Kurkumini ikiliwa huingia kwenye damu kidogo mno, na minyoo wa kichocho wanaishi ndani ya mishipa ya damu. Manjano ya kwenye mchuzi hayawafikii. Mtoto anayekojoa damu apelekwe kliniki akapewe prazikwanteli.

Sasa tuje nyumbani. Hapa Kenya serikali ilianza kutoa dawa za minyoo shuleni kitaifa mwaka 2009, na kuanzia 2012 ikawa kazi ya kila mwaka katika maeneo yenye minyoo wengi. Mzazi anapoona mtoto wa shule amekunywa dawa, hudhani nyumba imesafishwa. Lakini minyoo wa safura hawapendi watoto peke yao. Watu wazima wanao sana, na baba akijisaidia shambani anamwekea mwanawe minyoo wapya.

Jambo hili lilipimwa Kwale kati ya mwaka 2015 na 2017, na watafiti wa KEMRI pamoja na wenzao wa Uingereza, katika mradi ulioitwa TUMIKIA. Katika baadhi ya maeneo walitibiwa watoto tu, mara moja kwa mwaka. Kwingine wahudumu wa afya wa vijijini walipita nyumba kwa nyumba wakampa kila mtu, mdogo kwa mkubwa, mara mbili kwa mwaka. Baada ya miaka miwili, pale walipotibiwa watoto tu, wenye safura walipungua kutoka watu 18.6 kwa kila 100 hadi 13.8. Pale walipotibiwa wote mara mbili, walipungua kutoka 20.6 hadi 6.2. Takwimu hizo zilichapishwa mwaka 2019. Kwa hiyo mhudumu akibisha hodi kwako, usiwaite watoto tu. Mwite na mzee.

Na Wamarekani walijifunza jambo hilo kwa uchungu. Tume ya Rockefeller ilipokagua nyumba za mashambani kule kusini, karibu nusu hazikuwa na choo cha aina yoyote. Waliotibiwa kwa thaimoli walirudi kwenye udongo ule ule, na baada ya muda wengi wao minyoo wakawarudia.

Maswali mengi mliyonitumia nitayajibu kwa ufupi. Mtoto aanze dawa ya minyoo akitimiza mwaka mmoja, kila miezi sita. Wa mwaka mmoja hadi kabla ya miwili hupewa nusu ya kidonge cha albendazoli cha miligramu 400. Kuanzia miwili hupewa kizima. Mtoto mdogo usimlazimishe kumeza, kwani anaweza kukabwa. Kiponde kidonge, changanya na maji kidogo. Mama mjamzito asimeze dawa hii katika miezi mitatu ya kwanza. Baada ya hapo atapewa kliniki, pamoja na vidonge vya madini ya chuma. Mtoto akiwa na viganja vyeupe, anapumua haraka au amevimba uso, usingoje siku ya kliniki. Dawa ya minyoo haiongezi damu iliyokwisha kunywewa. Anahitaji kupimwa siku hiyo hiyo, na malaria pia ipimwe, kwa sababu hao wawili huwa wanasaidiana.

Viatu ni vizuri, hata vile vya plastiki vya bei rahisi, na choo chenye kuta na kifuniko ni bora zaidi. Kama shambani hakuna choo, chimbeni kimoja pale pale shambani. Cha nyumbani kiko mbali, na mtu mwenye haja hatembei nusu saa.

Yule mama wa mtoto wa miaka minne bado huja kliniki, sasa ana kitinda mimba. Nilimwomba msamaha, nikamweleza habari za Torino na Puerto Rico kama nilivyowaeleza ninyi leo. Alicheka sana aliposikia kuhusu robo kilo ya mbegu. Wiki iliyofuata alikuja na mama mkwe mwenyewe, bibi mwembamba mwenye leso mbili, akaketi mbele yangu akataka kumeza kidonge chake yeye kwanza ili wajukuu waone. Alipomaliza akaniuliza kama sasa azitupe ajwaini zake. Nikamwambia hapana, bibi, endelea kuzitia kwenye bhajia.